Maneno Niliyoyasema Nikiwa na Malale

Kama una mtu nyumbani anasinzia mchana kutwa na kutukana watu bila sababu, usianze kutafuta nani kamroga. Mpapase shingo. Pitisha vidole nyuma, chini ya masikio, polepole. Ukikuta vivimbe kama punje za maharage vinateleza chini ya ngozi, mpeleke kambi ya malale siku hiyohiyo, na akikataa mfunge kamba. Mimi nilifungwa, na aliyenifunga namshukuru mpaka leo. Nimelisema hilo mwanzoni kwa sababu najijua: nikishaanza kuongea nasahau nilikokuwa nakwenda.

Naitwa Salimu, wa duka la chumvi na kaniki pale Kihanga. Baba alikuja na msafara kutoka pwani, akamwoa mama, Mnyambo wa Igurwa, akafariki mimi sijaota ndevu. Herufi hizi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe kwenye majora ya nguo na matangazo ya serikali ya Wadachi, moja moja, kwa kubishana nazo. Ukiona nimekosea njoo dukani uniambie. Tutagombana, halafu tutakunywa kahawa.

Maana mimi ni mtu wa kugombana tangu utoto. Waliniita Pilipili. Mteja akisema chumvi yangu ina mchanga, nilikuwa natoka dukani nimfuate mpaka njia panda nikimtajia mababu zake mmoja mmoja. Lakini tukifika njia panda nilikuwa nimeshacheka, narudi naye, namwongezea konzi nzima. Hasira yangu ilikuwa hivyo. Iliyokuwa haiishi ni ile ya kuguswa mtu wangu. Hapo sikuwa na njia panda.

Na mtu wangu alikuwa Kaijage.

Kaijage ni wa Rugera, kwao ni wakulima wa migomba, mtu mrefu, mpole, anayeongea kama anachagua maneno sokoni. Tulikutana kwenye safari za chumvi, na safari ya tatu tukafanya omukago, udugu wa damu wa watu wa huku. Mnachanjwa kidogo karibu na kitovu. Inaletwa kahawa moja mbichi, inamenywa, ndani zinatoka buni mbili. Kila mmoja anapaka buni yake damu yake, mwenzake anaitafuna na kuimeza. Waislamu wenzangu wa Kihanga walinisema sana, eti haramu, eti mtoto wa mtu wa pwani anakula damu. Niliwajibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Tangu siku hiyo mimi na Kaijage hatukuitana kwa majina. Aliniita munywani, yaani ndugu wa kunywana damu, nami nilimwita munywani, na kwao nilikuwa naingia mpaka jikoni nafunua vyungu.

Masharti ni machache. Humnyimi chakula, humfichi jambo, huikani damu yake. Ukiikana, wanasema, inaozea ndani yako.

Sasa ugonjwa. Nilikwenda upande wa ziwa kutafuta samaki wakavu, nikakaa msimu mzima kwenye vichaka vya pwani ya ziwa, mbung'o wakaniuma mpaka nikazoea. Nikarudi na homa ya kuja na kuondoka, na kichwa kinagonga kama kinu. Senene, wale panzi watamu, walipoanguka mwaka ule, watu wote wa Kihanga wakatoka na vikapu, wakikimbizana kwenye majani na kuchekana. Mimi, ambaye kila mwaka nilikuwa wa kwanza, nilikaa mlangoni nikawatazama. Mama akanikaangia sahani nzima. Sikula hata mmoja.

"Umeacha senene?" mama akasema. "Basi wewe umeoa kwa siri, kuna anayekukaangia."

Halafu usingizi ukaja. Mchana nalala juu ya magunia na usiku macho makavu. Ngozi ikawasha, nikakonda, kanzu ikaning'inia. Na hasira ikazidi. Hapo ndipo watu wangu walipopotea, na siwalaumu. Angekuwa Kaijage ndiye kaanza kutukana watu, siku ya pili tu wangesema huyu anaumwa. Mimi ugonjwa ulinivalia nguo zangu mwenyewe. Mama alisema, "Pilipili imekomaa." Wateja wakacheka. Hakuna aliyeona kitu kigeni.

Aliyeona ni mmoja, Kaijage. Siku moja alikaa mbele yangu akanitazama muda mrefu mpaka nikamuuliza anatazama nini.

"Munywani," akasema, "hasira yako siku hizi haina mlango. Zamani ilikuwa inaingia huku, inatokea kule. Sasa ikiingia inakaa."

"Na wewe huna kazi kwenu?"

"Unaona? Hata matusi yamekuwa mabovu. Zamani ungenitukana nikacheka."

Masika ilipoanza, siku ya soko, alikuja na mkungu wa ndizi begani. Alinikuta nimelala juu ya chumvi, mate yananitoka. Akanitikisa bega. Niliinuka nikamwambia maneno haya, mbele ya wateja, mbele ya mama, mbele ya wanawake waliojikinga mvua barazani: "Damu yako nimeshaitapika. Sina udugu na wewe. Toka."

Mwanamke mmoja aliteremsha kikapu chake kutoka kichwani, kama mtu aliyesikia msiba.

"Salimu," Kaijage akasema. Jina langu, ambalo hajalitumia tangu tuchanjwe. "Rudisha maneno hayo."

"Nayo nimeyatapika."

Akauweka ule mkungu chini, taratibu, ndizi zisichubuke, akaondoka kwenye mvua.

Nakumbuka yote. Wewe unayeuguza mtu, usidhani mgonjwa hakumbuki. Nilikuwa namsikia mtu anaongea kwa sauti yangu, nikangoja anyamaze ili nimkimbilie Kaijage, na hakunyamaza, na baadaye nikasinzia.

Tangu siku ile hakuna aliyeutafuta ugonjwa tena, kwa sababu walikuwa wamepata sababu. Ameikana damu, damu inaozea tumboni. Usingizi? Damu. Kukonda? Damu. Hasira? Ndiyo hiyo damu inachemka. Hakuna aliyekumbuka kwamba nilianza kulala kabla sijasema neno. Wakaninywesha miti ya kutapisha, asubuhi na jioni, ili itoke yote. Nilitapika mpaka nikatapika maji ya njano. Mvua zikaendelea, nikafika hali ya kulala chakula kikiwa mdomoni, mama ananipigapiga shavu, "Meza, mwanangu, meza kwanza halafu ulale."

Na kule Rugera, Kaijage alikuwa amechumbia. Baba wa binti akarudisha pombe ya posa. Alisema mtu akiimeza damu yako akawa kichaa, basi damu yenyewe ina kitu, na yeye hawezi kumpa binti yake damu ya namna hiyo. Hilo sikuambiwa. Nilikuja kulijua mwaka uliofuata.

Kiangazi kilipoingia Kaijage alikuja na vijana wawili na machela. Mama alikuwa amekaa mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kumwangalia aliyekukana?"

"Nimekuja kumbeba. Huko ziwani Wadachi wamefungua kambi ya watu wanaolala hivi."

"Huko wanakwenda, hawarudi. Na udugu na wewe hana. Alisema mbele ya watu."

"Yeye ndiye aliyesema hana," Kaijage akamjibu. "Mimi sijasema."

Mama akaingia ndani kufunga chakula cha njiani. Mimi nilipiga mateke nikang'ata mtu mkono, ndiyo wakanifunga kwa kamba ya mgomba. Siku nne njiani. Kaijage alibeba mti wa mbele safari nzima, hakubadilishana.

Kambini kuna banda refu la nyasi, ndipo mnangojea. Nataka ujue banda hilo kabla hujafika, usiogope. Watu wamekaa wameegemeana, mwingine ameshika kiazi hajakipeleka mdomoni, nzi wanatembea juu yake. Hakuna kelele. Karibu yangu alikuwa mzee ambaye mkewe alisema zamani alikuwa msema hovyo, hata msibani anachekesha. Sasa alikuwa bubu. Mkewe kila asubuhi alimtajia majina ya watoto wao, wote saba, polepole, halafu anamfuta mdomo. Hakukosa hata siku moja.

Msaidizi wa daktari aliitwa bwana Feruzi, mtu wa pwani, fulana safi, maringo tele. Alitucheka Kiswahili chetu. "Nyinyi wa huku mnaongea kama mnatafuna ndizi," alimwambia Kaijage. Lakini mkono wake ulikuwa mwepesi. Daktari Mdachi alinichoma sindano kwenye kile kivimbe cha shingo, akavuta tone, akaliweka kwenye kioo akachungulia kwa darubini. Huku Feruzi anauliza.

"Huyu kabla hajaugua alikuwa mtu wa namna gani? Mpole?"

Kaijage, ambaye hakuwa amecheka siku nne, akacheka. "Mpole? Huyu? Bwana, huyu anagombana na mvua."

"Basi hajabadilika."

"Amebadilika. Zamani alikuwa mkali kwa ajili ya watu. Sasa ni mkali kwa watu."

Feruzi akaacha kuandika. Akamwambia daktari kwa Kidachi, na yule Mdachi, ambaye mpaka hapo alikuwa anaitazama shingo yangu tu, akanitazama usoni.

Jioni ile Feruzi alitueleza. Vijidudu vya mbung'o vinaanza kwenye damu, halafu vinapanda kwenye ubongo, na vikifika huko ndipo mtu anabadilika. Msemaji anakuwa bubu, mpole anapiga watoto, mwenye haya anavua nguo sokoni.

"Na aliyekuwa mkali tangu mwanzo?" Kaijage akauliza.

"Huyo ndiye anayeletwa amechelewa," Feruzi akasema. "Kwao wanadhani ndivyo alivyo."

Sina elimu ya ubongo wala sitakudanganya kuwa ninayo. Sisi huku tunasema hasira iko moyoni, na kumpenda mtu ni moyoni. Nilipokuja kupata akili niliyafikiria maneno yale sana. Kumbe ucheshi wa mzee yule ulikuwa na mahali pake pa kukaa, na mdudu asiyeonekana anaweza kufika hapo akautafuna. Jambo hilo liliniogopesha kuliko kufa. Ila lilinipa na pumziko: maneno yale, basi, si mimi niliyeyasema.

Dawa ni sindano mbili, siku mbili zikifuatana, halafu unapumzika karibu siku nane, halafu tena mbili. Nilihesabu maisha yangu kwa mbili-mbili hizo. Inaunguza mpaka mguuni. Tumbo linakatika. Wengine iliwapofusha kabisa. Mimi jicho la kushoto liliingia ukungu na mpaka leo silioni vizuri shimo la sindano ya kushonea. Ukiambiwa macho yako yanafifia sema mara moja, usifiche, wanapunguza dawa.

Kaijage alinipikia mpaka mbili-mbili za nne. Siku moja aliniletea uji, nikaumwaga juu ya miguu yake. Ulikuwa wa moto. Hakupiga kelele, alikwenda kukaa nje na miguu kwenye maji. Siku chache baadaye nikaamka nikakuta mahali pake pamefagiliwa.

"Amekwenda kupanda maharage," Feruzi akaniambia. "Baba yake amemtumia mtu."

"Amesema atarudi lini?"

"Amesema anakwenda kupanda maharage."

Basi. Na kama kunitania, akili zilirudi wiki ile ile. Nilianza kulala usiku. Asubuhi moja nikasikia harufu ya moshi wa kuni na njaa ikanishika, njaa ya kweli, na mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia hakuwepo. Senene walipoanguka kule kambini, wagonjwa tulioweza tulitoka kuwakamata, jicho langu moja likiwaona wawili wawili, nikawakosa karibu wote. Nilijaza kikombe kimoja tu, nikawakaanga. Nikakaa nacho nikifikiria jinsi ambavyo Kaijage angenicheka, mpaka wakapoa na hamu ya kula ikaniisha. Kila aliyepita njia ya kutoka Karagwe, kwetu, nilimuuliza habari za Rugera. Nilimtungia maneno, nikayarudia kichwani kila siku kama sala: sikuwa mimi, munywani, ni wadudu, muulize Feruzi.

Masika ilipokwisha niliruhusiwa. Mama alinipokea kwa vigelegele, majirani wakaja kunishika shingo. Lakini kulikuwa na jambo. Siku ya pili mteja akasema chumvi ina mchanga.

"Ndiyo," nikasema, "kidogo."

Mama alikuwa nyuma. Alikaa chini akalia. "Wamenirudishia nani huyu?" akasema. Hata mimi nilikuwa najiuliza. Nilijipekua ndani kuitafuta ile hasira kama mtu anavyotafuta kisu alichozoea kiunoni. Sikujua ni dawa, au wadudu waliondoka na kipande.

Nikaenda Rugera. Baba yake Kaijage hakunikaribisha ndani. Nilikalishwa uani kwenye majani, kama mgeni. Wazee wa kwao wakaitwa, na baba wa yule binti naye akaja, na hapo ndipo niliposikia habari ya posa. Kaijage alikaa pembeni, upande wa migomba. Miguuni alikuwa na makovu ya uji.

Mzee wao akaniuliza, "Salimu wa Kihanga, yale maneno uliyasema wewe?"

Nilikuwa nayo majibu yangu, nimeyabeba tangu kambini. "Baba, ulikuwa ugonjwa. Malale inapanda kichwani, kwenye ubongo..."

"Kama ni ugonjwa," baba wa binti akanikata, "uliumeza na nini? Ulimeza damu ya nani?"

"Si damu yake! Ni mbung'o! Nzi!"

Wakacheka. Wote. "Nzi?" akasema yule baba. "Nzi anamfanya mtu amkane ndugu yake? Mimi nzi wameniuma maisha yangu yote, na mke wangu bado namjua."

Hapo nikaisikia ile hasira. Ilikuwa yangu mwenyewe, nilijua maana ilikuwa imegeukia waliomgusa mtu wangu. Mwaka mzima sijaiona. Nilikuwa na uwezo wa kumtajia baba yule mababu zake wote mpaka Uganda. Nikamtazama Kaijage. Alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja, na nikaelewa anangoja nini. Kila nikisema ugonjwa, ugonjwa ule unakwenda kukaa kwenye damu yake. Nikishinda mimi, yeye haoi.

Nikaiacha hasira itoke kwa mlango wake, bila kusema kitu. Halafu nikasema:

"Niliyasema mimi. Damu yake haina kosa. Nilimwonea wivu, nikamkana."

"Ulikuwa na akili zako?"

"Nilikuwa nazo."

Wallahi sijawahi kusema uongo mkubwa kama ule. Wazee wakasogeleana wakanong'ona. Kwao, aliyekana akiwa na akili zake, damu ya mwenzake inatoka safi mbele ya watu wote, ila yeye anafunguliwa udugu, na akishafunguliwa hafungwi tena na mtu yule yule mpaka kufa. Wakatupa buni kavu mojamoja. Tukazitafuna, tukatema, yeye upande wake na mimi upande wangu.

"Munywani," Kaijage akaanza. Alijua. Alikuwa kambini, alimsikia Feruzi.

"Usimwite hivyo tena," mzee akasema, bila ukali.

Kaijage hakunisindikiza. Wengine wote walikuwa wanatazama. Alioa baada ya kuvuna maharage, na siku ya harusi nilifungua duka kama kawaida, nikagombana na wateja wanne. Mama alifurahi sana.

Sasa naweza kuandika haya yote. Watu watano wa Rugera wamebebwa kwenda kambini tangu wakati ule, mmoja wao ni shemeji wa yule baba, na hakuna kati yao aliyewahi kuchanjiana na Kaijage. Siku hizi nzi hawachekwi. Wazee wenyewe wanawapapasa watoto shingo. Lakini kilichofunguliwa ni kilichofunguliwa, hata wao wangependa iwe vingine.

Wewe mwenye mgonjwa, akikukana usimjibu, na usiwaite watu waje kusikia. Maneno yale yakisemwa ndani yanaweza kubaki ndani. Mimi nilisema barazani.

Juzi Kaijage alikuja dukani na mkewe, mtoto mgongoni, kununua chumvi. Duka lilikuwa limejaa.

"Habari za hapa, mwenye duka?"

"Nzuri. Za Rugera?"

"Nzuri."

Nikampimia. Akaionja kwenye ncha ya kidole, kama mtu yeyote.

"Ina mchanga," akasema.

Nikamtazama. Uso wake haukuwa na kitu, ila pembe ya mdomo. Nikavuta pumzi, nikaanza na babu yake mzaa baba. Nilimfuata nje, nikashuka naye barazani, sauti juu, watu wakatoka kutazama, mkewe akashtuka akamkumbatia mtoto. Kaijage alitembea mbele yangu bila kugeuka, mabega yanamtikisika kwa kicheko, na nilimtukana hatua kwa hatua, ukoo mzima, taratibu, nisifike njia panda mapema.